Risiti ya Ukutani

Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu hapa Mombasa, na bila risiti hutoi kwangu hata shilingi kumi. Kanisa lenyewe ni la zamani, kuta za matumbawe. Karibu na madhabahu kuna mahali palipowahi kupigwa plasta ya sementi. Sasa pamevimba kama mahamri, ukigonga ndani patupu.

Kamati ikamleta fundi mzee kutoka Mji wa Kale. Mwislamu, swala tano, lakini kuta zile azijua kuliko sisi waumini. Nikapendekeza sementi tena, maana duka la sementi hutoa risiti.

"Ukuta huu wapumua, mwanangu," akasema. "Ukiuziba na sementi, unyevu na chumvi ya bahari vitatokea wapi? Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus 1593, sementi waliipata wapi?"

Haya, chokaa. Akaniandikia orodha: chokaa isiyozimwa, mapipa, brashi, na shahamu ya ng'ombe kilo tatu.

Shahamu? Muuza nyama wa mtaani kwetu hajui hata risiti ina rangi gani. Halafu akilini nikamwona mzee waziwazi, kwake nyumbani, sufuria ya pilau imeiva kwa sadaka zetu. Nikaikata shahamu kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa tukazima chokaa. Ukiitia majini inachemka yenyewe, bila moto, inarukaruka pipani mpaka nikajificha nyuma ya mnazi. Adhana ikasikika. Fundi akanikabidhi mti wa kukorogea: "Tia shahamu ingali yachemka, iyeyuke humo humo."

Aliporudi akauliza, "Ushatia?"

"Imo, Babu." Tena nilisema hivyo nikiwa uani mwa kanisa, Mungu anisamehe.

Jumamosi tukapaka. Jumapili kanisa likang'aa, na ndiyo ilikuwa siku ya harambee ya paa. Mgeni rasmi, suti nyeusi tii, alifika viti vimejaa. Kabla hajatafutiwa kiti akaegemea ukuta, akasikiliza kwaya mbili nzima. Alipoitwa mbele alipita katikati yetu na mgongo kama wa mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Watoto wakaangua kicheko. Mgeni akadhani amependeza, akatia utani juu ya utani. Akina mama waliokaa upande wa ukutani wakacheka zaidi, hadi walipotazamana viwiko.

Jumatatu nikamwita fundi nikiwa mkali. Akapitisha kidole ukutani, akakinusa, akaniangalia.

"Hamna shahamu humu."

Nikameza mate. Nikamwambia sawa, tutapaka upya, nitampa pesa ya shahamu, ila safari hii aniletee risiti.

Akanyosha mkono kule nyuma. Chokaa ilikuwa imebanduka mahali pamoja, umbo la mabega mawili mapana na kisogo.

"Risiti yako ile pale, mweka hazina. Na muhuri ushapigwa."