Gambuti la kaka yangu bado liko Mida

Kabla hamjaifungua ile video, nisikilizeni mwenyewe. Shoga yangu ameshairusha kwenye grupu mbili, pamoja na ile ya harusi ya binamu yake ambako hata hawanijui, na maneno aliyoyaandika chini ni uzushi. Sikuumwa na kaa. Wala sikulia. Ile ilikuwa mvua.

Ni jana tu, tulipokwenda kutazama ndege Mida, lile hori la bahari karibu na Gede, kwenye lile daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko. Masika imeshika, upepo umeanza kugeukia kusi, na kulikuwa na kibaridi ambacho mtu wa Limuru angekiita joto, lakini sisi wa Pwani tulikuwa tumejitanda leso juu ya sweta.

Aprili ndiyo chekeamwezi, wale ndege wadogo wa kwenye tope la pwani, wanarudi kaskazini. Wanakula kama wana harusi, kujaza mafuta ya safari. Wale wenye mdomo uliopinda, ambao Desemba nzima walikuwa rangi ya jivu, sasa vifua vimekuwa vyekundu kama tofali. Hao wanakwenda Siberia. Siberia, jamani, kwa mbawa! Mimi kutoka Gede tu nilipanda bodaboda.

Kazi yenyewe ni kukaa kimya kwenye kibanda cha mwisho wa daraja. Siku za bamvua maji hupwa mbali, ndege wote wakawa nukta huko. Maji yakianza kujaa yanawasukuma taratibu mpaka wanakuja mbele yako wenyewe. Sharti usitikisike. Mzee anayetuongoza alilisema hilo mara mbili, na mara ya pili alikuwa ananitazama mimi.

Sasa kuna huyu ndege mla kaa. Mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kuvunjia nazi. Wazungu wanapanda ndege kuja kumwona hapa, na mimi niliyezaliwa hapa nimeshamkosa mara tatu. Mwezi huu wengi wao wanakwenda zao pwani za Uarabuni, kuchimba mashimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Kwa hiyo ilikuwa jana au mpaka warudi.

Nikamwona. Peke yake, kando ya mkoko, mweupe kwa mweusi.

"Yule pale!" nikamnong'oneza shoga yangu.

"Mbona hatikisiki?"

"Anapumzika."

"Mbona ana mguu mmoja?"

"Ndege wote hao husimama kwa mguu mmoja. Soma, shoga."

Mzee alikuwa ameinamia darubini yake ya miguu mitatu upande wa kushoto, midomo ikichezacheza, anahesabu. Mtu anayehesabu ndege hasemeshwi. Darubini yangu ya kuazima ilikuwa imeingia ukungu kwa ndani. Basi nikashuka nikampige picha ya karibu. (Najua. Msiniandikie.)

Gambuti ni za kaka yangu. Yeye anavaa kumi na moja, mimi sita. Hesabu ya nafasi iliyobaki fanyeni wenyewe.

Hatua kumi za kwanza nilikwenda kama malkia. Waliowahi kwenda kuchimba chambo wanalijua tope la Mida: juu linateleza, chini linanyonya. Mguu wa kulia ukazama mpaka karibu na goti. Nikauvuta. Mguu ukaja. Gambuti halikuja. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja, soksi imevutika mbele kama ulimi wa mbwa, na nakumbuka kabisa niliwaza: sasa mimi na yule ndege tunafanana.

Hapo, bila darubini, ndipo nilipomwona vizuri. Kifua chake kilikuwa na maandishi. Dumu la mafuta ya kupikia, jeupe, la lita tano, boya la wavu wa mtu, limetungikwa kwenye kijiti. Mgongo mweusi ulikuwa mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017! Kenya nzima umebaki mmoja, na mimi ndiye niliyekwenda kuutafuta kwa darubini.

Mguu wa soksi ukatafuta pa kukanyaga, ukakanyaga kitu chenye uhai. Huyo ndiye kaa wa kwenye maelezo. Alikwenda zake, hakuniuma. Nilipiga ukelele, si mkubwa, nikaanza kwenda chini. Polepole. Makalio mbele ya kila kitu, mikono miwili juu kuiokoa darubini ya watu, na tope likanipokea kwa ile sauti ambayo shoga yangu ameirudia mara tatu.

Kukawa kimya. Halafu Mida nzima ikaruka. Mamia ya chekeamwezi na sululu waliinuka kwa pamoja, wakageuka wakawa weupe, wakageuka wakawa weusi, wakavuka kwenda ng'ambo. Lilikuwa jambo zuri mno na nililiona lote, maana nilikuwa nimekaa. Watu kumi na mmoja walikuwa wamengoja saa mbili mvuani. Na wale ndege mafuta wanayoyachoma ni ya Siberia. Hilo ndilo linaloniuma kweli, si video.

Mzee akaifunika darubini yake.

"Mwanangu," akasema kutoka darajani, bila hata kupaza sauti, "ndege wako yuko palepale. Walioondoka ni wetu."

Vijana wawili waliokuwa wakitoka kutega kaa walinivuta kwa upondo, nikamwagiwa maji ya ndoo nyuma ya kibanda, nikapewa chai ya tangawizi, nikarudi Gede. Bodaboda akanitoza mia zaidi ya kuosha kiti. Njiani shoga yangu akanieleza alichokuwa akikihesabu Mzee: walaji kaa wanane, upande wa kushoto.

Kaka leo ameuliza gambuti zake. Nimempa la kushoto.