Noah Yangu Ilivyonukia Mshikaki

Mimi ni mtu wa Dar. Mlima mkali kuliko yote niliowahi kuupanda kwa gari kabla ya siku ile ni daraja la juu la Tazara. Kwa hiyo nilipong'oa viti vya nyuma vya Noah yangu, nikatandika godoro, nikafunga mtungi wa gesi wa kilo 6 na kutundika mapazia (majirani wakauliza msiba uko wapi), habari za milima hazikunijia kabisa akilini. Gari ni la auto. Unaweka D, unakanyaga mafuta, mengine linajua lenyewe.

Tukaenda Lushoto: mimi, Mama Nasra, Nasra mwenyewe, na mama mkwe, aliyesikia habari za "nyumba ya magurudumu" akasema naye lazima ailalie. Sasa mkwe na mkwewe hawalali chumba kimoja, hata chumba chenyewe kikiwa na usukani. Usiku mbili za Irente, kwenye baridi ile, wenzangu walikoroma juu ya godoro nililolinunua mimi, nami nilikuwa nje kwenye kihema nikisikiliza meno yangu.

Kupanda hakukuwa na neno. Gari lilisitasita tu kati ya gia ya tatu na ya nne kama mtoto aliyeulizwa tebo ya saba. Nasra akagusa kitufe kilichoko ubavuni mwa gia, kikawaka kitaa cha njano: O/D OFF, yaani gia ya nne imefungwa. Nikamfokea. Fundi mmoja alishaniambia, "Bosi, hiyo ikiwaka gari linakula mafuta." Nikakizima haraka kama mtu aliyeona nyoka.

Jumapili tukaanza kushuka. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33, na ndani yake unashuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, huku ukuta wa mwamba, huku bonde. Nyuma tulipakia gunia la viazi, kabichi kumi na mbili na ndoo mbili za peasi. Mimi na D yangu. Gari likikimbia, nakanyaga breki. Likipungua, naachia. Likikimbia tena, nakanyaga.

Tulipoipita Soni, ndoo moja ikalala. Kila kona ya kushoto peasi zinakwenda kulia, kila kona ya kulia zinarudi, na mama mkwe anazipokea kwa kanga bila kusema lolote. Halafu akasema.

"Baba Nasra, hii harufu ni ya kawaida?"

"Ya kawaida, mama. Ni hewa ya milimani."

Bodaboda aliyepakia mshikaki, watu watatu na jogoo, akaja sambamba na dirisha langu. "Mzee, na wewe unachoma wako?" Nikatazama kioo cha pembeni. Moshi mweupe unatoka gurudumu la mbele. Nikakanyaga breki, pedali ikazama laini kama nimekanyaga ugali wa moto. Mkononi mwangu usukani ulilowa. Nikavuta hendibreki, nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa pamoja na moja ya kulalia, gari likasogea sogea mpaka likasimama kwenye kichaka cha pembeni, ubavu wa mlimani. Alhamdulillahi, si ubavu wa bonde.

Nikaruka na ndoo ya maji. Nilikuwa nimeshaiinua juu ya gurudumu niliposikia, "Weee! Acha!"

Ni mzee wa Fuso, kapakia kabichi mpaka juu. "Ukimwagia maji diski ya moto itapinda. Iache ipoe." Akachungulia ndani. "Umeshuka na gia gani?"

"D."

"Toka Lushoto?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama kwa huruma halisi. "Kijana, gari lako lina injini, wewe umelifanya baiskeli. Breki zimechemka." Akakibonyeza kitufe changu kilekile, kitaa cha njano kikawaka, akavuta gia hadi 2. "Likizidi kukimbia, subiri lipungue, tia L. Litanguruma, usiogope, injini ndiyo inalishika. Breki gusa tu kidogo, halafu achia."

"Lakini fundi alisema hiyo taa…"

"Huyo fundi anakaa wapi?"

"Dar."

"Haya," akasema, akarudi kwenye Fuso lake.

Tulikaa karibu saa nzima tukila peasi, breki zikarudi. Tukashuka na 2, injini ikilia kama mashine ya kusaga, breki sikuzigusa mara kumi. Nikajiona bingwa.

Tulipofika Mombo, mama mkwe akashuka, akakung'uta kanga.

"Baba Nasra, si kwamba nakuogopa. Miguu tu inataka kunyooka. Mimi nitapanda basi."

Nikambebea mfuko mpaka mlangoni. Kabla hajapanda nikamsikia akimuuliza dereva:

"Mwanangu, kile kitufe unakijua?"