Oili ya giaboksi kwenye gari-nyumba: kalenda, maili au maabara?

Gari-nyumba, yaani lile lenye ukubwa wa basi lililojengewa vitanda, jiko na choo, ambalo wastaafu wengi wa Marekani na Kanada hulitumia kukimbia baridi na kwenda Arizona au Florida, haliishi kama magari mengine. Hukaa limeegeshwa kwa miezi, kisha siku moja huwashwa na kutakiwa kupandisha milima likiwa na uzito wa zaidi ya tani kumi, mara nyingi likivuta gari dogo nyuma yake. Ratiba nyingi za matengenezo, kinyume chake, ziliandikwa kwa kufikiria magari yanayofanya kazi kila siku. Ndiyo maana suala la lini oili ya giaboksi ya otomatiki ibadilishwe huwagawa wenye magari haya katika pande mbili, na kila upande una hoja isiyopuuzika.

Tuanze na anachosema mtengenezaji. Magari-nyumba makubwa ya dizeli, yale yenye injini nyuma, kwa kawaida hufungwa giaboksi za Allison, na nyingi ni za mfululizo wa 3000. Kwa oili ya zamani ya aina ya Dexron-III, kampuni hiyo ilitaka ibadilishwe kila maili 25,000 au kila miezi 12, kutegemea kipi kimetangulia. Ilipokuja oili ya sintetiki iliyoidhinishwa kwa kiwango cha TES 295, ambayo inayojulikana zaidi ni TranSynd, maili zilipanda hadi 150,000 hata kwa kazi ngumu, lakini kalenda ikapewa miezi 48 tu. Mtu anayetembea maili 5,000 kwa mwaka hufikisha miezi hiyo akiwa na maili 20,000. Ana haki ya kuuliza oili hiyo imepungukiwa na nini hata imwagwe.

Wanaosema iachwe husisitiza kwamba kinachoiua oili ya giaboksi ni joto, wala si umri. Joto la kawaida la oili ndani ya Allison ni kama nyuzi 71 hadi 93 za Selsiasi, na kikomo chake kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya giaboksi, ni nyuzi 121. Mafundi wana kanuni ya kukadiria, isiyo sheria ya kisayansi, kwamba ukishavuka nyuzi 80 hivi, kila ongezeko la nyuzi 11 hupunguza uhai wa oili kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, maili 20,000 za tambarare za Florida, ambako toki konvata, kiungo cha majimaji kati ya injini na giaboksi, hukaa imefunga karibu muda wote na haizalishi joto jingi, haziwezi kulinganishwa na maili 20,000 za kupanda na kushuka barabara ya I-70 magharibi mwa Denver, inayokwenda hadi kwenye handaki la Eisenhower lililo mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mambo huwa mazito zaidi kwa gari lenye ritada, yaani breki ya majimaji, ndani ya giaboksi, kwa sababu kila linapopunguza mwendo mteremkoni, nguvu ya breki hugeuka kuwa joto ndani ya oili yenyewe. Maili peke yake, basi, haisemi mengi, na kwa gari lililotembea kidogo na kwa upole hoja ya kuiacha oili ina uzito.

Upande huu una hoja ya pili ambayo wapinzani wao huiruka haraka mno. Kumwaga oili hakukosi hatari. Fundi anaweza kuweka oili isiyo sahihi, kuingiza uchafu, kukaza vibaya kifuniko cha filta, au kujaza kupita kiasi hadi oili ichapwe na gia zinazozunguka, itoe povu na kupoteza uwezo wa kushikilia shinikizo. Hili la mwisho ni rahisi kulikagua kwenye Allison zenye sensa ya kiwango. Oili ikiwa imepata joto, gari likiwa mahali tambarare na gia ikiwa huru, dereva hubonyeza mshale wa juu na wa chini kwa pamoja, husubiri kama dakika mbili oili itulie, na kioo kidogo cha swichi ya gia humwambia kama kiwango ni sawa, kimepungua au kimezidi. Ni jambo la kushangaza kwamba watu hulipia kazi ya mamia ya dola kisha wakaondoka gereji bila kubonyeza vitufe hivyo viwili.

Wanaotetea kalenda nao hujibu kwamba miezi 48 haikuwekwa kwa ajili ya oili pekee. Giaboksi hupumua, yaani huvuta na kutoa hewa kadiri inavyopoa na kupata joto. Gari likilala katika unyevunyevu, na mwenyewe akiliwasha kila baada ya wiki mbili kwa dakika kumi bila kulitembeza hadi lipate joto, majimaji yanayojikusanya ndani hayapati nafasi ya kukauka. Sili, zile za kuzuia oili isivuje, nazo huzeeka. Lililo baya zaidi liko kwenye kipoza oili, ambamo oili hupita ikitenganishwa na maji ya rejeta kwa ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta huo ukitoboka, hata kwa tundu dogo, glaikoli iliyomo kwenye maji hayo huingia kwenye oili na kushambulia utando wa msuguano ulio kwenye sahani za klachi, na giaboksi inaweza kuharibika kabla dereva hajaona dalili yoyote. Ukilinganisha bei ya oili na bei ya kufungua giaboksi nzima, wanasema, kubishana juu ya miezi ni ubahili.

Hoja ya glaikoli ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya zao, lakini kwa maoni yangu inaelekea kwingine kuliko wanakodhani. Kipoza kinachoanza kuvuja mwezi wa sita baada ya oili kubadilishwa kitakuwa na miezi 42 ya kuendelea na uharibifu wake kabla ya kalenda kufika. Kinachoweza kukinasa ni kupima. Allison yenyewe imeweka vikomo vya oili inayopimwa maabara: mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, usitofautiane na wa oili mpya kwa zaidi ya asilimia 25, kipimo cha asidi kisipande kwa zaidi ya 3.0, maji yasizidi asilimia 0.2, chembe ngumu zisizidi asilimia 2, na glaikoli isiwepo kabisa. Sampuli ya kila mwaka, iliyochotwa oili ikiwa ya moto, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kubadilisha oili. Haibadilishi filta, ni kweli, lakini katika mfululizo wa 3000 filta hutolewa kwa chini bila kushusha sampu, na huondoka na lita chache tu.

Magari yenye mfumo wa Allison unaoonyesha asilimia ya uhai wa oili yamewapa wengi utulivu usiostahili. Asilimia ile hukokotolewa na kompyuta kutokana na jinsi gari linavyotumika. Hakuna kinachochovya oili na kuichunguza. Mfumo huo unachukulia kwamba ndani kuna oili iliyoidhinishwa, na kama iliyomo ni nyingine unapaswa kuzimwa. Glaikoli hauijui.

Kwenye magari-nyumba ya petroli yaliyojengwa juu ya chasisi za Ford mizani hubadilika. Kwa giaboksi yake ya gia sita, Ford hutaja maili 150,000 kwa matumizi ya kawaida na muda mfupi zaidi kwa gari linalovuta mzigo. Kwa mwendo wa maili 5,000 kwa mwaka, hiyo ya kwanza ni miaka 30, yaani kamwe. Sioni kwa nini mtu aifuate tarakimu hiyo ilhali gari lake linabeba mzigo kila linapotoka. Hapa ningebadilisha mapema na bila kusumbuka na maabara.

Ipo pia hofu ambayo msomaji aliyewahi kununua gari la Kijapani lililotumika, Dar es Salaam au Mombasa, ataitambua mara moja: giaboksi ya zamani isiguswe, kwani ukibadilisha oili itaanza kuteleza. Mara nyingi mwenyewe hupeleka gari kwa fundi kwa sababu gia zimekwisha kuanza kuchelewa kushika. Klachi zilikuwa zimechoka tayari, na oili mpya hubebeshwa lawama. Sehemu yenye ukweli ni kwamba kusukuma oili kwa mashine yenye shinikizo kunaweza kuamsha uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali. Kumwaga kwa kawaida na kujaza tena hakuna tatizo hilo.

Kwa mwenye kumbukumbu kamili za matengenezo, oili sahihi ya sintetiki na safari za upole, ningesema sampuli ya kila mwaka iendelee, na ifikapo miezi 48 majibu yake yaamue, isipokuwa kama gari bado liko chini ya waranti, ambapo ratiba ifuatwe ilivyoandikwa. Aliyenunua gari mkononi mwa mtu bila karatasi yoyote hana cha kutafakari: abadilishe oili na filta mara moja. Ajue tu kwamba Allison 3000 yenye sampu ya kawaida huchukua takriban lita 27 ikiwa tupu kabisa, lakini ukimwaga hutoka na kurudishwa kama 18, kwa hiyo theluthi hubaki ndani. Ikiwa iliyokuwemo ni Dexron-III, kubadilisha mara moja hakumpi miezi 48 ya sintetiki. Akirudia baada ya kuendesha kidogo, oili ya zamani itabaki lita tatu hivi, na sampuli atakayochukua baada ya hapo ndiyo itakayokuwa msingi wa kulinganishia zote zinazofuata.