Usikimbilie kununua waya

Laptopu ikigoma kutoa picha kwenye tivii, waya uwe wa mwisho kushukiwa. Hapa Mwanza naona tunafanya kinyume. Tivii ikiandika tu "No Signal", yaani hakuna mawimbi, mtu anapanda daladala kutoka Igoma hadi Makoroboi, ananunua waya mpya, anarudi, na maandishi ni yale yale. Hela imekwenda na mechi imeshaanza.

Mara nyingi tatizo ni tivii kutojua picha inaingilia wapi. Nyuma yake kuna matundu ya HDMI, yale unakochomeka huo waya, kila moja na namba yake. Ukichomeka kwenye namba 2, shika rimoti, bonyeza kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT, kisha chagua HDMI 2. Bado giza? Rudi kwenye laptopu. Kama inatumia Windows, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows ubonyeze P. Zinakuja njia nne. Chagua Duplicate, ili kinachoonekana kwenye laptopu kionekane pia kwenye tivii. Ikiwa imeachwa kwenye ile ya kwanza, ya kioo cha laptopu peke yake, hata ubadilishe waya kumi hupati kitu.

Picha ikija bila sauti, bonyeza alama ya spika pale chini kulia, uchague tivii badala ya spika za laptopu.

Kinachoniudhi hasa ni biashara ya vigeuzi, vile vya kuunganisha tundu la aina moja na la aina nyingine. Kuna laptopu kuukuu zenye VGA tu, lile tundu pana la vishimo 15. VGA ni teknolojia ya mwaka 1987, ya analogia, na haibebi sauti kabisa. HDMI ilikuja mwaka 2002, ni ya dijitali, inabeba picha na sauti pamoja. Waya mtupu wenye kichwa cha VGA huku na cha HDMI kule hauwezi kugeuza kimoja kuwa kingine. Kinatakiwa kigeuzi chenye saketi ndani, ambacho kwa kawaida huchota umeme kwenye USB na kuwa na kiwaya cha sauti pembeni. Tena kina mwelekeo: kilichotengenezwa kutoa HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyumenyume. Muuzaji anayelijua hilo, halafu akampa mteja waya mtupu kwa kuwa kichwa kimeingia, amemdhulumu. Na USB-C, lile tundu dogo la laptopu za siku hizi, ni hivyo hivyo: matundu yanafanana kwa macho, lakini si yote yanayotoa picha.

Kwa hiyo nenda dukani na laptopu yako. Mwambie muuzaji, bila kuona haya, akujaribishie kwenye tivii iliyopo kabla hujatoa hela. Akikataa, duka la jirani lipo.

Waya nao hufa, sikatai, hasa tivii ikiwa imebanwa ukutani na kichwa cha waya kimepinda. Ukikigusa kidogo, picha inakatika na kurudi. Ukiona hivyo, nunua mwingine.