Nusu kichwa kwa ajili ya Uwanja wa Taifa

Kinyozi wangu hapa Kijenge, Arusha, ana mkono mzuri, hilo namsifu. Shida ni mdomo. Jumamosi kafika juu ya sikio la kushoto, redio ikataja ukarabati wa kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Taifa kule Dar es Salaam, mashine ikazimwa hapo hapo.

"Pale ndipo bendera yetu ilipopandishwa usiku wa Uhuru!"

Jamani! Bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961 kwenye uwanja wa jirani, ule mkongwe unaoitwa Uhuru. Huu wa viti 60,000 ulijengwa na Wachina, tukaanza kuutumia 2007, na jina la Mkapa limekuja 2020 alipofariki. Nikamwambia hivyo hivyo, shuka la kunyolea likiwa limenikaba shingo. Akaita shahidi kutoka kwenye benchi: "Babu, si ulikuwepo?" Babu akajibu, mwaka huo yeye alikuwa Moshi anachuma kahawa.

Kilichonikera zaidi ni jamaa wa pembeni, jezi mwilini, analalamika kwamba ukarabati hauishi, viti kila siku vinabadilishwa. Dakika mbili baadaye anasimulia kwa kicheko jinsi mechi ya watani Simba na Yanga ya Oktoba 2016 ilivyochafuka, viti vikang'olewa, na yeye akiwa jukwaani. Sasa nani wa kulaumiwa, kaka? Na huyu ndiye anayeusubiri kwa hamu uwanja wetu mpya wa AFCON 2027!

Mashine ilipowashwa tena, umeme ukakatika. Nimekwenda sokoni Kilombero na kofia.