Tangi la Shangazi

Binamu yangu alirudi kutoka Ulaya na upinde wa kufyatua, ule wenye kitako kama cha bunduki. Unaukanyaga kwa mguu, unavuta kamba kwa mikono miwili mpaka inase, halafu kazi iliyobaki ni ya kidole kimoja. Akaniachia nichezee likizo nzima hapa Bombo, Uganda. Shabaha ya dukani bei yake inakaribia ya mbuzi, na mimi hata huyo mbuzi sina.

Nikaanza na mgomba, maana Uganda nani ananunua mgomba? Mshale ukazama mpaka kwenye vibawa vyake vya plastiki. Kuung'oa, shati zima likajaa utomvu, na utomvu wa mgomba ukishakauka kwenye nguo unadumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Ndipo nikalikumbuka godoro la wageni. Inchi 6! Linambeba mjomba wa kilo 90, litashindwa na kijiti? Nikalisimamisha uani, nikahesabu hatua 15. Nyuma yake kulikuwa na tangi la maji la shangazi, lita 1,000, na ilikuwa Januari, mvua tumeisahau. Tangi nililiona. Lakini si kuna godoro mbele yake, jamani?

Nikafyatua. Godoro halikutikisika hata kidogo, nikadhani nimekosa. Kuzunguka nyuma, mshale umejikita katikati ya tangi, umetulia kama koki iliyofungwa na fundi. Hakuna tone lililovuja.

Mwenye akili angeuacha hapo hapo akakimbilia fundi. Mimi nikauchomoa.

Maji yakanipiga kifuani. Nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikaanza kuita watu. Mtoto wa jirani akachungulia, akacheka, akaenda kuita wenzake. Dakika kumi hazijapita, uani kuna foleni ya jerikeni za manjano, na mama mmoja ananiambia kwa upole kabisa, "Baba, ondoa kidole kidogo tu, hii yangu ni ya lita 10."

Shangazi akaingia na kapu lake la sokoni. Akatazama foleni, akanitazama mimi, akatazama godoro.

"Unafanya nini hapo?"

"Nalinda maji, shangazi."

"Na godoro langu limetoka nje kuota jua?"

Tundu tuliliziba kwa kipande cha sabuni ya mche mpaka fundi alipokuja kuyeyushia plastiki kwa kisu cha moto. Alipomaliza kucheka, akanieleza: sponji ni hewa tupu, na mshale hausimamishwi na unene bali na msuguano. Chukua gunia, jaza matambara na buveera, yaani mifuko ya plastiki, shindilia kwa mchi mpaka liwe gumu kama gogo. Nyuma yake pawe na udongo. Tuna kichuguu kirefu kuliko mimi nyuma ya choo, miaka yote kinanitazama tu! Gunia hilo halijapitwa na mshale mpaka leo.

Usiku nikakuta godoro la wageni kitandani kwangu, na langu limehamishiwa chumba cha wageni. Tundu liko sawasawa na mbavu zangu. Nimejaribu kuligeuza, lakini mshale ulitokea upande wa pili.