Mwezi mzima bila kupanda

Nikisema Jumamosi tuko kwa farasi, majirani wa ploti yetu hapa Rongai hunikazia macho. "Kwani mmeomoka lini?" Siwalaumu. Nairobi hii, farasi ni habari za Karen, za watu wenye lango la umeme na mbwa watatu. Hata historia haitusaidii. Uwanja wa mbio wa Ngong Road ulifunguliwa mwaka wa 1954, mwaka uleule ambao wanajeshi wa mkoloni waliizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil na kuzoa maelfu ya watu mitaani. Yaani huku watu wanapakiwa kwenye malori, kule wengine wanashangilia farasi. Mchezo wenye historia hiyo hauwezi kumaliza harufu hiyo kwa siku moja.

Lakini mimi na binti yangu wa miaka tisa tunaenda kwa matatu. Tunashuka Galleria, tunapanda nyingine ya Karen, tunamalizia kwa miguu, gambuti zake nimezifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Somo la kupanda farasi ni mara mbili kwa mwezi, la kikundi, na ili lipatikane niliacha kulipia king'amuzi. Sisemi kila mtu ataliweza. Ninachotaka kusema leo ni kuhusu wanaoliweza na bado wanauziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu na mimi niliuziwa.

Zizi la kwanza tulilokwenda lilijinadi kuwa la familia. Na kweli kulikuwa na bembea, chipsi, na mahali pa kupigia picha. Dakika tano baada ya kulipa, mtoto alikuwa juu ya farasi. Kijana mmoja akishika kamba, mimi nikishika simu. Picha zilitoka safi, shangazi zake wote wakaziweka kwenye stetasi. Mara ya tatu farasi aliona nyasi, akainamisha kichwa ghafla kama anayedondosha kitu, na binti yangu akateleza shingoni mpaka chini. Hakuumia, namshukuru Mungu. Alipewa soda. Ila njiani aliniuliza, "Mama, kwa nini ameniangusha?" Nikatambua kwamba katika wiki zote zile hakuna aliyemwambia hata jambo moja kumhusu yule mnyama. Hakujua anakula nini, anaogopa nini, wala anaona vipi.

Zizi la pili, tunalokwenda mpaka sasa, halina bembea. Na mwezi wa kwanza wote halikumpandisha mtoto juu ya farasi.

Nilikasirika, sitaficha. Nalipa hela nzima, halafu mwanangu anapewa reki na koleo? Jumamosi ya pili nilimfuata saisi mkuu, yaani mkuu wa watunza farasi, mzee wa makamo mwenye kofia ya soksi asiyeivua hata jua likiwaka, nikamwambia shida yangu kwa adabu niliyoweza kuikusanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, huyu ana kilo mia nne na hamsini. Akiamua kuondoka, ataondoka na wewe, na mimi, na hiyo kamba. Wacha kwanza wajuane."

Sasa nadhani huo mwezi ndio ulikuwa somo lenyewe, na zizi lolote linaloukwepa, liwe na bembea kumi, linauza picha.

Tazama kazi ya kusafisha ukwato peke yake. Mtoto husogea kwa upande wa bega, si kwa nyuma, na si kwa mbele kabisa, kwa sababu macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa kipande kidogo mbele ya pua yake na kingine nyuma ya mkia. Ukizuka huko nyuma bila sauti, teke utakalopata halina ubaya wowote ndani yake, amekudhani chui. Kwa hiyo mtoto anaongea. Anaweka mkono begani, anaushusha mguuni bila kuuondoa, polepole, anaminya kidogo juu ya kifundo. Farasi anahamisha uzito, mguu unapanda. Hapo ndipo anapochukua kile chuma kilichopinda na kuchokoa tope na vijiwe, kuanzia kisiginoni kuelekea mbele, akiikwepa ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Mara ya kwanza binti yangu alisema wayo wa farasi unanuka jibini iliyooza. Mzee akamjibu ukinuka zaidi ya hapo aje amwambie, maana huenda umeanza kuoza.

Ukwato hukua kama sentimita moja kwa mwezi, ndiyo maana fundi wa viatu vya farasi huja kila wiki sita hadi nane. Mtoto wangu ambaye hukataa kukatwa kucha alisimama pale akatazama misumari ikipigiliwa, akauliza kama inauma. Haiumi, akaambiwa, ikiwa fundi anajua pa kuipitisha. Siku hizi kucha anakatwa bila vita.

Halafu kuna banda. Farasi mmoja mkubwa hutoa kinyesi kinachoweza kufika kilo ishirini kwa siku, na yote hiyo hutolewa kwa mkono, maranda yaliyolowa yanatupwa, makavu yanasambazwa upya. Anakunywa ndoo baada ya ndoo. Anakula nyasi kavu kutwa, kidogo kidogo, kwa kuwa tumbo lake ni dogo kuliko unavyodhani na halikuumbwa kukaa tupu. Na farasi hawezi kutapika. Hili nililijua nikiwa na umri wa miaka arubaini na moja, kutoka kwa mwanangu, tena kwa ukali: nilikuwa nimenyoosha mkono kumpa farasi kipande cha mandazi. Chakula kibaya kikishaingia hakirudi, kinamsokota tumbo, na msokoto wa tumbo huweza kuua farasi. Akaninyang'anya mandazi, akala yeye.

Siku ya kupanda ilipofika, hakupewa hata hatamu. Farasi alifungwa kamba ndefu, mwalimu akasimama katikati, farasi akawa anazunguka duara, na mtoto juu ameinua mikono kama anayetembea juu ya ukuta. Kisigino chini, macho mbele. Ukitazama chini, mwili wote unainama, na farasi anausikia mgongoni kabla wewe hujajua umeinama. Baadaye ukaja mwendo wa kudunda, ambapo unainuka na kukaa, inuka, kaa, mpaka mapaja yawake moto. Hatamu alipewa majuma kadhaa baadaye, pamoja na onyo ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko sala ya chakula: "Usining'inie. Huo ni mdomo wake." Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hukaa mahali pasipo na meno, juu ya ufizi mtupu. Mtoto aliyewahi kupiga mswaki wa nguvu anaelewa mara moja.

(Hapo kuna jambo linaloniwasha. Mwendo ule wa kudunda na ule wa kasi, watoto wote pale wanauita kwa Kiingereza, hata masaisi. Nilimpigia simu mama yangu, mzaliwa wa Lamu, aliyezoea punda tangu utotoni, nikamwuliza. Akacheka. "Telki na shoti, mwanangu! Kwani mwasemaje huko bara?" Maneno tunayo, tumeyaachia punda.)

Farasi anayempanda ni mzee mstaafu wa mbio. Farasi wengi wa masomo hapa Nairobi wametoka huko. Alifundishwa jambo moja tu maishani, kukimbia, kisha akiwa bado na nguvu akaambiwa sasa hilo hapana. Kumfunza upya kwamba mguu ukimgusa ubavuni si amri ya kutimka huchukua miezi, na anayeifanya kazi hiyo asubuhi na mapema, kabla magari ya wazazi hayajafika, ni saisi.

Hapa ndipo ninapogombana na wazazi wenzangu. Tunawasifu walimu wenye vyeti, na wanastahili, lakini jina la saisi halipo kwenye ubao wala kwenye zile zawadi za mwisho wa muhula. Yeye ndiye anayejua nani ameamka vibaya, nani hajamaliza chakula, nani ana kupe sikioni. Yeye ndiye huwaingiza bandani jua linapozama, kwa sababu wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa virusi uitwao ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huuma zaidi kuanzia magharibi, na chanjo bila tahadhari haitoshi. Ukitaka kujua kama zizi ni la familia kweli, usiangalie menyu. Mwangalie saisi akienda kumfanyisha farasi mazoezi: naye ana helmeti kichwani, au helmeti ni za watoto wanaolipa tu? Kisha uliza farasi hupumzika siku gani. Mimi niliuliza lile zizi la kwanza baada ya mambo kuharibika, wakanijibu kwamba Jumatatu wageni huwa wachache. Hilo si jibu.

Jumamosi iliyopita tulifika, farasi amepoteza kiatu cha mguu wa mbele na fundi hawezi kuja mpaka Jumanne. Zamani ningeuliza kuhusu farasi mwingine. Binti yangu hakuuliza. Alimtoa akamfunga kivulini, akampiga brashi saa nzima, akatoa maganda ya tope tumboni, akachambua mkia unywele kwa unywele, huku akimsimulia kisa cha rafiki yake wa shule ambacho mimi sijawahi kusimuliwa. Farasi alilegeza mdomo wa chini, akasinzia. Mzee saisi alipita na toroli, akasimama kidogo, akasema kumwambia yeye, si mimi, "Leo umempanda vizuri."

Kwenye matatu ya kurudi alilala begani mwangu, nywele zimejaa manyoya ya farasi. Dada aliyekaa karibu nasi alinusa mara mbili, akafungua dirisha, kisha akahamia kiti cha nyuma.